Mashine husoma kilichoandikwa ndani ya faili

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala ya safu yenu ya teknolojia kuhusu kuunganisha Figma, programu ya kuchorea skrini, na wasaidizi wa akili mnemba wanaoandika msimbo wa programu, kisha nikairudia, kwa kuwa inazungumzia kazi ninayoifanya kila siku. Nashukuru mmeliandika jambo hili kwa Kiswahili. Lakini kuna sentensi moja siwezi kuiacha ipite: kwamba sasa mbunifu akishachora, mashine huuona mchoro na kutoa programu iliyokamilika. Wako mameneja watakaoisoma sentensi hiyo na kupanga ratiba za watu kwa kuitegemea, na watu hao ni sisi.

Mimi ni mbunifu wa skrini. Nachora fomu za kujiandikisha, orodha ndefu za kumbukumbu, kurasa za kuthibitisha malipo, na ujumbe wa kumwambia mtumiaji kwamba mtandao umekatika. Wasanidi programu ninaofanya nao kazi wote wanatumia msaidizi wa msimbo, na muunganisho huu tunautumia kwa kazi halisi za wateja. Naupenda. Umeniondolea kero iliyonisumbua kwa miaka. Ndiyo sababu nataka ueleweke unavyofanya kazi, ili sifa na lawama ziende panapostahili.

Zamani msanidi alifungua faili langu upande mmoja na msimbo upande wa pili, akawa anabofya kitu kimoja kimoja na kupima: nafasi kati ya kichwa cha habari na kisanduku, ukubwa wa herufi, namba ya rangi. Walipokuja wasaidizi wa akili mnemba, watu wakaanza kupiga picha ya skrini na kumbandikia msaidizi aitazame. Matokeo yalipendeza kwa mbali. Ukisogea karibu unakuta nafasi ya pikseli 16 imekuwa 20, kijani cha chapa kimekuwa kijani kingine kinachokaribiana nacho, na fonti imekisiwa. Msaidizi alikuwa kama fundi cherehani aliyeonyeshwa picha ya gauni bila kupewa vipimo: atashona, na litafanana na la pichani, ila mwenyewe halitamkaa.

Mabadiliko yalianza Novemba 2024, pale Anthropic ilipotoa itifaki huria iitwayo Model Context Protocol, kwa kifupi MCP. Itifaki hiyo inaweka utaratibu mmoja ambao programu yoyote inaweza kuufuata kumweleza msaidizi: nina vyombo hivi, unaweza kuniomba mambo haya, nami nitakujibu kwa muundo huu. Figma ikatoa seva yake ya MCP, yaani programu inayojibu maombi ya msaidizi, kwa majaribio Juni 2025. Seva hiyo ya kwanza ilikaa ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Unafungua programu ya Figma ya mezani, unaiwasha seva, nayo inasikiliza kwenye anwani 127.0.0.1, mlango namba 3845, na inataka mtumiaji awe na kiti (aina ya leseni) cha Dev au Full katika mpango wa kulipia. Baadaye ikaja seva ya mbali isiyohitaji programu ya mezani. Katika programu za kuandikia msimbo kama Visual Studio Code, Cursor au Claude Code unaiongeza anwani ya seva kwenye mipangilio, unaingia kwa akaunti yako, umemaliza. Sehemu hii makala yenu iliieleza vizuri, na kweli ni rahisi.

Kinachofuata baada ya hapo ndicho kilichorukwa. Msanidi ananakili kiungo cha fremu, yaani mchoro wa skrini moja au sehemu yake, anayotaka kuijenga na kumpa msaidizi. Ndani ya kiungo hicho mna kitambulisho cha fremu. Msaidizi anakitumia kuiuliza seva, na seva inamrudishia vitu kadhaa: maelezo ya mpangilio wa fremu, ambayo kwa kawaida huja katika sura ya msimbo wa React na Tailwind (nyenzo za kutengenezea kurasa za wavuti), vigeu vilivyotumika, yaani majina ya rangi, ya nafasi na ya maandishi pamoja na thamani zake, na picha ya fremu yenyewe ya kulinganishia. Mradi ukiwa haujaandikwa kwa React, msanidi anamwambia msaidizi lugha inayotakiwa, naye anayageuza maelezo yale.

Itazame orodha hiyo, Mhariri. Ukiiondoa picha, kila kilichobaki ni kitu ambacho mtu alikiandika ndani ya faili, au hakukiandika.

Chukua kitufe kimoja cha "Endelea" chini ya fomu. Katika faili la kwanza, kitufe hicho ni mstatili uliochorwa kwa mkono na neno limewekwa juu yake. Leya, yaani tabaka la mchoro, ina jina ililopewa na programu, Rectangle 47. Rangi imeandikwa kwa namba. Upana umefungwa kwenye pikseli 327 kwa sababu ndivyo ulivyotosha kwenye skrini iliyokuwa mbele ya mchoraji. Msaidizi akiuliza, anajibiwa hivyo hivyo: kuna mstatili wa upana huu, wa rangi hii, mahali hapa. Naye anaandika alichoambiwa. Kinatoka kisanduku kilichopakwa rangi. Mtu anayetumia kibodi bila kipanya hawezi kukifikia, na skrini ikipanuka kinabaki pale pale kilipobandikwa.

Katika faili la pili, kitufe ni komponenti, yaani kipande kinachoundwa mara moja na kutumika tena kila mahali, yenye jina lake, yenye sifa zinazosema ni cha aina gani na kiko katika hali ipi. Rangi yake imefungwa kwenye kigeu kinachoitwa "rangi/kitendo/kuu". Kimejengwa kwa mpangilio wa kujipanga wenyewe, ule ambao Figma iliuleta mwishoni mwa 2019, kwa hiyo neno likirefuka kitufe nacho hurefuka. Msaidizi anapata jina, aina, hali, na uhusiano wa kitufe na vilivyo jirani yake. Msimbo unaotoka unakuwa na kitufe kweli.

Weka skrini hizo mbili mbele ya mteja. Hataona tofauti, kwa kuwa kwa macho hakuna. Tofauti yote imo kwenye saa ambazo mtu alikaa akataja vitu majina, akafunga rangi kwenye vigeu, akagawa skrini kuwa komponenti. Saa hizo hazionekani kwenye wasilisho lolote, na ndizo za kwanza kukatwa.

Nimeshuhudia zikikatwa. Meneja mmoja wa mradi, baada ya kuona onyesho la muunganisho huu, aliondoa kwenye ratiba muda wote wa kupanga mafaili, kwa hoja kwamba mashine itayapanga. Faili lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja na kijani chake. Msaidizi alivileta vijani vyote ndani ya msimbo, kila kimoja kwa namba yake, kwa uaminifu kamili. Wasanidi wakatumia muda mrefu kuvitafuta na kuvibadilisha kuliko ambao ungetumika kulisafisha faili mapema. Msaidizi hakukosea hata kidogo. Alijibu kulingana na alichopewa.

Jambo lenye faida kubwa kuliko yote katika muunganisho huu halikutajwa kabisa kwenye makala, nalo ni Code Connect, nyenzo ya Figma. Kazi yake ni kuandika ushahidi kwamba komponenti hii ya kwenye mchoro ndiyo komponenti ile iliyoko kwenye hazina ya msimbo, mahali wasanidi wanapohifadhi msimbo wa mradi, na sifa hii ya huku ndiyo sifa ile ya kule. Bila ushahidi huo, msaidizi haoni sababu ya kutumia kitufe ambacho wasanidi walishakiandika na kukijaribu. Anaandika kipya. Kesho akipewa skrini nyingine anaandika kingine. Msanidi mmoja aliwahi kuniita akisema, "Dada, njoo uone, tuna vitufe vinne na vyote ni vyako." Vilifanana mno, lakini kimoja kilijua kuzimwa wakati fomu inatumwa na vitatu havikujua. Mtumiaji akibonyeza mara mbili kwenye vile vitatu, ombi linakwenda mara mbili. Hebu fikiria ukurasa wa malipo.

Tulikaa pamoja, mimi na wasanidi, tukaandika miunganiko ya Code Connect kwa komponenti tunazozitumia zaidi: kitufe, kisanduku cha maandishi, kadi, dirisha la tahadhari, safu ya jedwali. Kazi yenyewe haina mvuto. Inakulazimisha kugundua kwamba mbunifu anaita "ndogo" kile ambacho msimbo unakiita kwa jina lingine, na kwamba kuna hali ambayo mchoro unayo na msimbo hauna. Mabishano yaliyotokea pale yalikuwa na thamani kubwa kwangu. Tulikubaliana majina kwa mara ya kwanza. Tangu hapo msaidizi akiletewa skrini anaagiza komponenti zilizopo na kuzipanga, na msanidi anabaki na kazi inayostahili akili yake: data inatoka wapi, ombi likishindikana kifanyike nini, nani ana ruhusa ya kuona kipi.

Lipo pia lile ambalo mchoro haulisemi hata ukiwa msafi namna gani. Fremu ni wakati mmoja ulioganda. Nikichora orodha ya kumbukumbu, naichora ikiwa na kumbukumbu. Orodha ikiwa tupu itasema nini? Ikiwa inapakia? Mtandao ukikatika katikati? Jina la mtu likiwa refu mara tatu ya lile nililolichora? Nisipozichora hali hizo, au nisipoziandika, msaidizi atajaza mwenyewe, na atajaza kwa lugha inayosikika vizuri. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko kosa la wazi. Ujumbe wa kosa uliobuniwa unaweza kumwambia mtumiaji ajaribu tena wakati hapaswi kujaribu tena kabisa, na hakuna atakayegundua mpaka mtu aumie. Figma ina nafasi ya kuandika vidokezo juu ya mchoro kwa ajili ya wasanidi, na kampuni yenyewe inashauri vitumike kueleza makusudio ambayo macho hayayaoni. Nashauri wabunifu wenzangu waandike humo kwa sentensi kamili. Sasa kuna msomaji wa pili wa vidokezo hivyo, na hana mahali pa kuuliza akikwama. Hatakuja mezani kwako.

Vivyo hivyo kwa watu wenye ulemavu. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya wavuti zifikiwe na watu wenye ulemavu, toleo la 2.2 lililotoka Oktoba 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na vitu vya kubonyezwa viwe na angalau pikseli 24 kwa 24, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Mambo hayo mawili yanapimika kwenye mchoro. Lakini kichwa kipi ni kikuu na kipi kiko chini yake, kibodi ipite wapi kwanza, picha isomwe vipi kwa mtu asiyeona, hayo hayamo kwenye mistatili na rangi. Nayaandika. Kila skrini yangu sasa ina mpangilio wa vichwa na njia ya kibodi pembeni yake, na msaidizi anapopewa maelezo hayo anayatekeleza vizuri kuliko watu wengi niliofanya nao kazi. Nasema hivyo bila kinyongo.

Kwa wasanidi nina neno moja: msimpe msaidizi ukurasa mzima kwa mkupuo. Fremu kubwa hurudisha maelezo mengi mno, majibu yanakuwa mazito, na msaidizi anaanza kuruka vitu. Mpeni kichwa cha ukurasa, kisha kadi, kisha fomu.

Sasa niseme la usalama, ambalo gazeti la umma lingepaswa kulipa nafasi zaidi. Seva ikishaunganishwa inaona kile ambacho akaunti yako inaruhusiwa kuona. Mbunifu mwenye wateja wengi ana michoro ya bidhaa ambazo hazijatangazwa, na maelezo ya fremu yanayoulizwa hufika kwa kampuni inayoendesha akili mnemba hiyo, hata kama seva ya Figma imewashwa ndani ya kompyuta yako. Mteja ana haki ya kuambiwa hilo kabla, kwa maandishi. Sisi tumeliweka kwenye mikataba.

Pia si kila seva yenye jina la Figma imetengenezwa na Figma. Zipo zilizoandikwa na watu wengine kwa nia njema na zinazotumika sana. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walitangaza kasoro, iliyopewa namba CVE-2025-53967, katika mojawapo ya seva hizo zisizo rasmi. Kasoro hiyo ilimwezesha mshambuliaji kuendesha amri zake kwenye kompyuta ya msanidi. Ilirekebishwa, lakini marekebisho humfikia tu anayesasisha programu. Seva za namna hii mara nyingi huomba tokeni binafsi ya akaunti, yaani ufunguo wa siri unaofanya kazi kama nywila, na nimeona tokeni hizo zikiwa zimeandikwa wazi ndani ya mafaili ya mipangilio yaliyopandishwa kwenye hazina ya msimbo, pale ambapo kila mwenye ruhusa ya kusoma anazisoma.

Na kuna hatari inayotokana na maandishi yenyewe. Msaidizi husoma maneno yaliyomo kwenye mchoro. Mtu akikutumia faili lenye leya imeandikwa maagizo kwa msaidizi, mathalani afungue faili la siri na kulinakili mahali fulani, msaidizi anaweza kuyachukulia kama maagizo yako. Tatizo hili limejulikana na wataalamu tangu 2022 na halijapatiwa dawa kamili. Kinga iliyopo ni ya kawaida: usiunganishe faili usilojua limetoka kwa nani, na usimpe msaidizi ruhusa ya kuendesha amri bila kukuuliza. Najua kubofya "ruhusu" kila mara kunachosha. Ibofye hata hivyo, na usome kwanza unachoruhusu.

Wasomaji wenu wengi ni vijana wanaojifunza fani hizi, na makala imewaacha wakijiuliza kama wabadilishe njia. Mimi nasimamia wanafunzi wawili wa ubunifu. Siwafundishi kuchora haraka. Nawapa faili la mtu mwingine, lililovurugika, na kuwaambia walipange: taja leya, unda komponenti, funga rangi kwenye vigeu, chora hali tupu na hali ya kosa. Kisha tunaliunganisha na msaidizi na kuusoma pamoja msimbo uliotoka, mstari kwa mstari, na kuuliza kila mstari umetokea wapi kwenye mchoro. Mmoja wao, asiyewahi kuandika msimbo, sasa anaweza kunyoosha kidole kwenye mstari na kusema, "Hapa alikisia, kwa sababu sikumwambia." Mtu anayeweza kusema hivyo ninamwajiri.

Ombi langu kwa waajiri na mameneja wanaosoma gazeti hili ni la kiratiba. Muda wa kuandaa faili uwekwe kwenye mpango wa kazi kwa jina lake, na ulipwe kama kazi. Mbunifu apewe mamlaka ya kusema skrini hii bado haiko tayari kusomwa na mashine. Na msimbo wa skrini unapokaguliwa kabla ya kuingia kwenye bidhaa, mbunifu naye aitwe, kwa kuwa mkaguzi wa msimbo anaona msimbo sahihi tu. Hana njia ya kujua kwamba ujumbe ule haukuandikwa na mtu yeyote kati yetu.

Kwenye kikundi chetu badiliko la skrini halipiti sasa bila jina la mbunifu kando ya jina la msanidi. Limeongeza hatua moja, na siku za haraka tunaihisi. Wiki iliyopita hatua hiyo ilinasa dirisha la tahadhari lililokuwa na kitufe cha "Futa" mahali nilipochora "Ghairi". Nimemwonyesha meneja wetu, na muda wa kuandaa mafaili umerudi kwenye ratiba ya mradi unaofuata.

Wenu,
Mbunifu wa skrini